Sifuri zangu zinakwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi Mhazili. Nina kibanda cha steshenari hapa Msamvu, Morogoro. Nimepewa kazi ya kuingiza wanachama 600 wa saccos kwenye Excel: jina, simu, hisa. Nachapa kwa vidole viwili, shingo inaniuma, na kila nikiandika namba ya simu sifuri ya mwanzo inayeyuka. Kompyuta ni mbovu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kompyuta yako nzima. Imeona tarakimu tupu ikadhani ni za kujumlishwa, na kwenye hesabu 0754 na 754 ni mamoja. Kabla hujaendelea, chagua safu yote ya simu uigeuze iwe ya maandishi. Au tanguliza kila namba kwa ile alama ya juu tunayoiweka kwenye ng'ombe. Haitatokea kwenye karatasi. Hisa usiziguse, ziache ziwe namba, la sivyo jumla itakuja sifuri ukimbiwe na wateja.

Zilizokwishaliwa usizirudie moja moja. Kama simu ziko safu ya B, kwenye safu tupu pembeni andika ="0"&B2, kisha buruta mpaka chini.

Sasa shingo. Inauma kwa sababu macho yako yanatembea njia tatu: karatasi, kibodi, skrini. Sisi tulipojifunza taipureta pale Uhazili Tabora, mwalimu alitufunika mikono kwa kanga. Papasa F na J, utakuta vinundu. Hapo ndipo vidole vya shahada vinapokaa. Kidole cha mwisho cha kushoto kinaangukia A, na hapo Kiswahili kinatuonea. Mpangilio huu ulitoka kwenye taipureta ya Mmarekani Sholes, miaka ya 1870, akiwa na Kiingereza chake kichwani. "Wanachama" peke yake ina A nne, zote za kidole kile kinyonge, huku Q na X tusizozihitaji zimekaa tu. Wiki ya kwanza kitakuuma. Kivumilie.

Namba zichape kwa vitufe vya kulia, kidole cha kati juu ya 5, nayo ina kinundu. Karatasi isimamishe kando ya skrini. Mimi nilikuwa naiegemeza kwenye boksi la chaki.

Na kila ukimaliza ukurasa, Ctrl na S. Umeme uliwahi kunikatikia na mishahara ya ofisi nzima, mkesha wa Idi.