Livery: ni sare, ni farasi au ni rangi ya ndege?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mpenzi wa habari za ndege, kila ndege mpya ikitua naona wanaandika ina "livery" mpya, nikaenda kwenye kamusi nikakuta eti ni sare za watumishi wa majumbani. Halafu binti wa dada yangu yuko Uingereza, anasema kazi yake ni kwenye livery yadi, anahudumia farasi! Hivi neno moja linabebaje yote hayo, na mi nikitaka kusema kwa Kiswahili nisemeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, umeniulizia neno ninalolipenda sana.

Anzia kwenye Kifaransa. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Goma wakisikia livrer wanajua ni kukabidhi, kumfikishia mtu kitu chake, na livery imetoka humo humo, kwenye kile Kifaransa walichoingia nacho Uingereza Wanormani, wale watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, baada ya 1066. Kwa hiyo mwanzoni livery ni kile kinachokabidhiwa tu. Na kwenye nyumba ya bwana mkubwa wa zamani zile watumishi walikuwa wanakabidhiwa mkate, bia, mishumaa, majani ya farasi kwa aliyekuwa na farasi, na nguo za mwaka, maana pesa taslimu ilikuwa kidogo na hivyo vitu ndo vilikuwa ujira wenyewe.

Yaani ni posho, hakuna neno lingine. Wapagazi wa misafara iliyokuwa inatoka pwani kwenda bara walipewa posho ya nafaka, na mara nyingine posho hiyo hiyo ilitolewa kwa kitambaa au shanga wakanunulie chakula njiani. Leo angalia posho imefika wapi, Uganda ni ugali wenyewe, Kenya unapeleka mahindi kwenye kinu cha posho, Tanzania ukitaja posho watu wanawaza wabunge na vikao. Livery nayo ilitawanyika vivyo hivyo, kila tawi likashika kipande chake cha ule mgao.

Tawi la nguo ndo lilikua kuliko yote. Bwana alikuwa anagawa kitambaa cha rangi yake na alama yake, Mfalme Richard II wa Uingereza watu wake walivaa alama ya kulungu mweupe, na ukimwona mtu barabarani unajua huyu ni wa nani na ukimgusa nani atakuja kukuuliza. Hapo ikawa hatari, maana mabwana walianza kuwagawia alama watu ambao hata siyo watumishi wa nyumba, wakawa na majeshi yao kabisa, wanatisha mpaka mahakama. Ndo maana mwishoni mwa karne ya 14 zikaanza kutoka amri na sheria za kuzuia nani agawe livery na nani asigawe. Mwaka 1507, chini ya Henry VII, bwana mmoja, Lord Bergavenny, alipigwa faini ya zaidi ya pauni 70,000 kwa kuweka wafuasi wake mamia kinyume cha sheria, hela ambayo kwa wakati ule hakuna mtu angeweza kuilipa yote. Kwa upande wa heri, Shakespeare mwenyewe na wenzake wa kundi la maigizo la mfalme walipewa yadi nne na nusu za kitambaa chekundu kila mmoja kwa ajili ya maandamano ya Mfalme James I kuingia London 1604. Hiyo pia ni livery.

Baadaye zikaja zile sare za majumbani ulizokuta kwenye kamusi, makoti yenye vifungo vya alama ya familia, nywele zilizopakwa unga mweupe, na kuanzia 1777 tajiri alikuwa analipa kodi kwa kila mtumishi wa kiume, kwa hiyo kumvalisha mtu vile ilikuwa ni kuonyesha uwezo. Hapa ndo mi huwa naumia, kitu kilichoanza kama haki ya mtumishi kikaishia kuwa pambo la bwana. Na huku kwetu enzi za mkoloni tuliyaona, wazee wenye familia zao wamevishwa kanzu nyeupe, tarbushi nyekundu na mshipi mwekundu kiunoni, wanaleta chai mezani, wanaitwa boi. Kanzu ile ile ambayo Ijumaa ni vazi la heshima!

Sasa farasi wa binti yenu. Yale majani kwenye mgao yalizaa tawi lake, mahali ambapo farasi wa mtu mwingine analazwa na kulishwa kwa malipo, ndo livery yadi hiyo anayofanyia kazi.

London kuna pia vyama vya livery, zaidi ya 110, vilivyotokana na vyama vya mafundi na wafanyabiashara waliokuwa na mavazi yao ya chama, wauza vitambaa, wauza samaki, masonara, na mpaka leo wanachama wao wenye livery wanashiriki kumchagua Meya wa Jiji la London (huyu wa lile eneo dogo la kale, siyo meya wa London nzima). Wauza ngozi za manyoya na mafundi cherehani waligombania nani awe wa sita na nani wa saba kwenye mpangilio wa heshima wa vyama hivyo mpaka 1484 ikaamuliwa wapokezane kila mwaka, na bado wanapokezana. Na kwenye sheria ya ardhi muuzaji alikuwa anachukua bonge la udongo wenye nyasi au kijiti anampa mnunuzi mkononi, shamba limekabidhiwa, nayo ikaitwa livery.

Ya ndege, yaani rangi na alama za kampuni, imetoka kwenye sare, ikipitia magari ya farasi na treni. Kwa Kiswahili mi nashauri usitafute neno moja. Ukiandika habari za ndege sema rangi na nembo, kama yule twiga wa Air Tanzania pale mkiani, kwa watumishi sema sare, na kazi ya binti sema yuko kwenye zizi la kulaza farasi wa watu.