Ndege wa kabatini na sauti yake

Ssebo, umeuliza ndege aliyekaushwa kwenye kabati la makumbusho atamfundisha nini mtoto kuhusu sauti. Kidogo, nakubali. Ila mwache autazame mdomo wa korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa vinamasini, mpana kama kiatu cha mzee. Huyo si mwimbaji. Muda mwingi yuko kimya, na akimlaki mwenzake kiotani hugonganisha mdomo, ta-ta-ta-ta, utadhani mtu anapiga vijiti. Ukiuona mdomo, sauti umeielewa nusu. Waimbaji wenyewe kiungo chao cha sauti kiko chini kifuani, pale bomba la pumzi linapogawanyika. Hapo kabati halisaidii, labda waweke spika na kitufe. Au mpeleke kwenye kinamasi cha Mabamba, Uganda, alfajiri kwa mtumbwi, ingawa nauli ya boda itakukamua.