Mafundi saba mtaa mmoja

Mtaani kwetu Tandika tulikuwa mafundi cherehani sita. Wiki iliyopita kafungua wa saba. Zamani habari kama hiyo ingeninyima usingizi, na sisemi kwamba siku hizi nimekuwa malaika: nilipomwona anashusha cherehani kwenye guta, moyo ulinipiga paa. Ila ulipiga mara moja ukatulia.

Nilianza na cherehani ya miguu barazani kwa watu, tukiwa wawili tu. Alipokuja wa nne, kijana mwenye mishono mipya ya kwenye simu, wasichana wote wakahamia kwake. Nikaingiwa na wivu, nikaubatiza jina la ushindani wa biashara. Nikashusha gauni la kitenge kutoka 25,000 hadi 15,000. Nikawa nafunika nguo za wateja kwa kanga, eti asiibe mishono. Nikanunua bando kila siku nipekue mishono kama yake, nikaikata vibaya, maana mkono wangu si wa fasheni na hilo nilikuwa nalijua tangu najifunza kazi. Ukitoa bitana, zipu, uzi na mkaa wa pasi, kwenye ile 15,000 nilibaki na kama 8,000 kwa kazi ya siku mbili. Na kodi ya fremu hapa Dar mnaijua wenyewe, mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi.

Alhamisi moja jioni akaja dada na sare ya sendofu ya Jumamosi. "Fundi, mkono haunyanyuki." Kwapa limekatwa juu mno, kifua kimebana, na kitenge chenyewe kimeshaisha Kariakoo. Nikafumua ubavu wote, nikachukua kitambaa kwenye upindo wa chini, nikakata vipande viwili vya kwapani, nikavipachika kwa kufuata maua mpaka uambiwe ndiyo utaona. Kazi ya kama saa mbili na nusu. Akavaa, akanyanyua mikono kama anayeomba dua, akaangua kicheko. Akanipa 10,000 bila kuuliza bei.

Gauni lile lilikuwa limeshonwa na yule kijana. Ulimi uliniwasha kumsema, nikanyamaza, tena si kwa wema. Nilikuwa nimechoka tu. Jumatatu akaja mwenyewe na mfuko. "Shikamoo mama. Kuna nguo tatu hapa zimenishinda."

Usiku ule nilifungua daftari langu la vipimo nikalipitia jina kwa jina. Walionirudia karibu wote walirudi na neno moja: kidogo. Fundi, nipunguzie kidogo kiuno. Niongezee kidogo hapa mgongoni. Hebu nibanie kidogo koti hili, nimelitoa mtumbani Ilala. Kazi hizo nilizifanya kwa hela ya soda, nyingine bure, kwa kuwa hazikunichosha. Nilikuwa nagombania kazi inayonishinda, huku ile ambayo watu wanavuka mitaa kuifuata naigawa kama maji ya mtungini.

Kwa hiyo ukiniuliza utajuaje ulichojaliwa, nitakwambia usianze na kujiuliza unapenda nini. Angalia watu wanakusumbua kwa jambo gani. Kitu unachokiweza sana hukihesabu, kwa sababu kwako ni chepesi. Unadhani kila mtu anakiweza. Jirani yangu wa chapati alikuwa analalamika kila mtu anamwachia hela amtunzie. Leo ni kijumbe, mkusanya hela, wa michezo mitatu ya kupeana hela kwa zamu, na kila anayepokea zamu anampa na yeye chochote. Chapati bado anapika, lakini si chapati zinazosomesha watoto wake.

Halafu kuna hii hofu ya wingi. Tunaogopa wenzetu wakati jiji lenyewe linatufundisha kila siku. Mtu akitaka kabati anakwenda Keko, walikojaa maseremala, kwa sababu huko atalinganisha. Nenda Mtaa wa Kongo uulizie kitenge ambacho muuzaji hana. Atakwambia "subiri nakuletea," atachomoka mbio hadi duka la jirani, na wewe utaondoka nacho. Miaka yote nimekuwa nikinunua uzi katikati ya watu hao na sikuwahi kujiuliza kwa nini hawajitengi. Mafundi wengi maana yake nguo nyingi, na penye nguo nyingi hazikosi zilizokosewa. Kila fundi anayefungua hapa ananiletea kazi bila kujua.

Msinielewe vibaya. Kuamini kwamba riziki ipo ya kututosha hakulipi kodi. Januari bado ni kavu, ada ziko palepale. Ilibidi pia nijifunze kutaja bei, jambo lililonigharimu mashoga wawili. Nimebandika karatasi ukutani: marekebisho kuanzia 3,000 mpaka 10,000, na neno "kidogo" halipunguzi. Wapo waliosema nimejaa majivuno. Magauni ya fasheni nayo siyapokei tena, nawaelekeza kwa kijana. Mwanzoni kusema "hiyo siiwezi, nenda kwa yule" kulinikaba koo. Mteja wa kwanza niliyemwelekeza nilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, nikihesabu hela zinazoondoka naye. Baada ya wiki mbili akarudi na suruali tano za mumewe.

Huyu wa saba nimeshamtembelea. Sindano zake zilikuwa zimemwishia, nikampa mbili, nikamuuliza anashona nini hasa. Kanzu, anasema, na darizi ya shingoni anatia mwenyewe kwa mkono. Nimeandika namba yake nyuma ya daftari. Kanzu sijawahi kuziweza, na kila Idi nazirudisha.