Kano ya Tibialisi ya Mbele Hushika Wapi? Maswali na Majibu

Altrasaundi imeonyesha kwamba kano ya mbele ya mguu wangu imegawanyika pande mbili mwishoni. Je, imechanika?

Si lazima. Msuli wa tibialisi ya mbele huanzia upande wa nje wa muundi, na kano yake hupita mbele ya kifundo cha mguu ikielekea upande wa ndani wa unyayo, ambako kwa watu wengi hugawanyika matawi mawili: moja hushika kuneifomu ya ndani, mfupa mdogo wenye umbo la kabari, na la pili hushika kitako cha metatarsali ya kwanza, mfupa unaobeba kidole gumba. Msomaji wa picha asiyeukumbuka mgawanyiko huo wa kimaumbile anaweza kuuita mpasuko. Tatizo ni kwamba mpasuko halisi wa kufuata urefu wa kano nao hutokea karibu na hapo hapo, kwa hiyo nisingekubali picha itoe hukumu peke yake kabla ya mguu kuchunguzwa kwa mkono na kuulizwa habari za maumivu na uvimbe.

Je, matawi hayo hufanana kwa watu wote?

Hapana, na hapa michoro ya vitabu vya wanafunzi hutupotosha kidogo, kwa kuwa huonyesha mpangilio mmoja kana kwamba ndio pekee. Wapo ambao matawi yao yanalingana kwa upana. Wapo ambao tawi la kuneifomu ni pana na la metatarsali ni jembamba sana, na wengine ni kinyume chake. Kwa baadhi ya watu kano nzima huishia kwenye kuneifomu. Zimeelezwa pia kano zenye utepe wa ziada unaosonga mbele hadi karibu na kichwa cha metatarsali ya kwanza, au hata kwenye kidole gumba chenyewe.

Mwenye tawi moja hutembea vibaya?

Hatembei vibaya kwa sababu hiyo. Kano huinua unyayo mguu unapopita hewani na kuushusha taratibu kisigino kinapogusa ardhi, kazi ambayo tawi moja huimudu. Anayeburuta vidole atafutiwe sababu nyingine, kama vile neva iliyobanwa chini kidogo ya goti au kwenye uti wa mgongo, au kano iliyokatika kabisa.

Kwa nini basi wapasuaji walijali jambo hili?

Kwa sababu wao huihamisha kano hii. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani, akatibiwa kwa njia ya Ponseti, ya kuunyoosha hatua kwa hatua kwa plasta, na ambaye unyayo wake bado hugeuka ndani anapotembea, anaweza kuhamishiwa kano hii hadi kuneifomu ya nje. Tawi likisahaulika mahali pake pa zamani, litaendelea kuuvuta unyayo upande uleule. Vilevile, mpasuaji anayefunga chuma kwenye kiungo cha kuneifomu ya ndani na metatarsali ya kwanza hufanya kazi juu ya mshiko wenyewe wa kano, na ile iliyotandaa sana humwachia nafasi ndogo.

Naweza kuipapasa mwenyewe?

Ndiyo. Inua unyayo huku ukiugeuza ndani, nayo itajitokeza kama kamba nene mbele ya kifundo. Matawi yake, hata hivyo, huyatambui kwa vidole.