Mkuu, usiache bima kwa sababu tu huumwi

Mkuu, umeuliza kama nchi inapaswa kuwahakikishia raia wake wote matibabu, nani alipie, na hospitali binafsi zifanyweje. Mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho: umeacha kulipia bima kwa kuwa miaka miwili hujaumwa hata mafua, na unataka mfumo uwe wa hiari, "anayetaka ajiunge." Hapo hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Nilikuwa na bima ya familia. Kuna bwana nilifanya naye kazi, mtu wa mahesabu, kila mwisho wa mwezi ananionyesha makato yangu na kuniambia, "Unamtibia mgonjwa usiyemjua." Nikajiona mjinga, nikajitoa. Miezi tisa nikawa naona ile hela inabaki mfukoni na kumshukuru.

Mke wangu aliposhika mimba nikakimbilia kujiunga upya. Wakala akaniapia kwamba kadi inafanya kazi siku hiyo hiyo. Kweli ilifanya, kwa homa na jino. Uzazi ulikuwa na kipindi cha kusubiri cha mwaka mzima, kimeandikwa ukurasa wa nyuma kwa herufi za sisimizi. Wiki ya 31 presha ikampanda, akaanza kuona ukungu, wakamkimbiza chumba cha upasuaji kabla hajapata kifafa cha mimba. Mtoto akaishi kwenye mashine ya joto siku 26.

Sasa sikia siku ya ruhusa. Daktari kasaini faili asubuhi. Mke kakaa ukingoni mwa kitanda, kavaa nguo za kutokea, mtoto kafunikwa, mkoba uko mlangoni. Dirishani kwa mhasibu naambiwa hamtoki mpaka deni liishe. Tulikaa siku sita. Kila asubuhi inakuja karatasi ya bili, na imeongezwa siku moja ya kitanda, kitanda kile kile walichotuzuia kukiacha! Nikauza kiwanja kwa mtu aliyeijua haraka yangu, na akaitumia.

Yule bwana wa mahesabu alikuja kutupa pole. Ndipo nikajua kwamba yeye hakuwahi kukaa bila bima hata siku moja: alikuwa kwenye kadi ya mkewe. Nimemsamehe mengi, hilo bado.

Muda mrefu nililaani kile kipindi cha kusubiri. Baadaye nikaelewa kwamba ni ukuta waliojengewa watu kama mimi, wanaokaa nje wakiwa wazima na kubisha hodi wakishahitaji. Mfuko wa hiari usipoweka ukuta huo unajaa wagonjwa watupu. Bei inapanda, wazima waliobaki wanatoka, inapanda tena. Jimbo la New York lililiona hilo: mwaka 1993 liliamuru kampuni za bima zimpokee kila mtu kwa bei moja, mzima au mgonjwa, bila kumlazimisha yeyote kujiunga. Bima ya mtu binafsi ikawa ghali kiasi kwamba waliobaki nayo ni wachache mno.

Waliofanikiwa hawakuacha jambo hili kwenye hiari. Ujerumani chini ya kansela wake Bismarck, mwaka 1883, iliwakata wafanyakazi wa viwandani kwa lazima: theluthi mbili mfanyakazi, theluthi moja mwajiri. Japani ilifikia raia wote mwaka 1961, Taiwan ikaunganisha watu kwenye mfuko mmoja wa lazima mwaka 1995. Na asiye na mshahara wa kukatwa? Thailand mwaka 2002 iliwachukua wote waliokuwa nje ya mifuko ya wafanyakazi na watumishi, ikawalipia kwa kodi. Uingereza inatumia zaidi kodi tangu 1948. Njia ni tofauti, lakini zote zinachukua hela ya mtu akiwa mzima, na hakuna anayeulizwa kama anajisikia kuchangia.

Kwa hiyo ndiyo, nchi ifanye, na ifanye kwa lazima. Ukiniambia lazima inamwonea kijana mwenye afya, nakwambia mimi nilikuwa huyo kijana. Yule mgonjwa nisiyemjua niliyekataa kumtibia alikuwa amelala nyumbani kwangu, ubavuni mwangu.

Hospitali binafsi wadau wengine watakujibu. Mimi nataka kujua kitu kimoja: umeacha kulipa tangu lini? Mifuko mingine inakupa muda mfupi wa kuhuisha kabla hujaanza kusubiri upya. Kama muda huo haujapita, nenda kesho asubuhi. Wakala akisema chochote, mwombe kijitabu cha masharti, tafuta neno "kusubiri," na usome mpaka mwisho hapo hapo mbele yake kabla hujatoa hela.