Maswali ya Wanaoanza Kuandika Skripti za Filamu

Swali: Je, ni lazima nitumie Courier ya pointi 12? Naona fonti hii haivutii.

Jibu: Ni lazima. Herufi zote za Courier zina upana mmoja, 10 kwa kila inchi, na kwa sababu hiyo ukurasa uliopangwa ipasavyo hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Ukipunguza ukubwa wa herufi au ukabana pambizo ili kurasa 140 zionekane 115, umemharibia mtayarishaji hesabu zake, na msomaji mzoefu hulitambua jambo hilo kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Skripti ikizidi urefu, punguza maneno.

Swali: Skripti yangu ina kurasa 210. Je, inafaa?

Jibu: Haifai. Filamu ndefu ya kawaida huwa na kurasa 90 hadi 120, na swali hili nimekwisha kulijibu mara nyingi mno. Someni majibu yaliyotangulia kabla ya kuuliza.

Swali: Kwa nini kichwa cha onyesho kinasisitizwa sana?

Jibu: Kwa sababu wapo watu wanaokitegemea. Mstari ule mmoja wa herufi kubwa, kwa mfano NDANI. JIKO LA ASHA – USIKU, humwezesha mpanga ratiba kukusanya maonyesho yote ya jiko hilo yapigwe pamoja, hata kama katika hadithi yametenganishwa na miaka 10, na humwarifu mtu wa taa ajiandae na nini. Ukiandika “jiko” katika ukurasa wa 5, “kwa Asha” katika ukurasa wa 30 na “nyumbani” katika ukurasa wa 62, umezua mahali patatu kwenye ratiba. Chagua jina moja usiliache. Wala usiandike “asubuhi ya huzuni”, kwani huzuni si wakati wa siku.

Swali: Nitaandikaje kwamba mhusika anamkumbuka baba yake?

Jibu: Hapa ndipo wengi mnapokwama, kwa kuwa mmezoea riwaya, nayo riwaya ina ruhusa ya kuingia moyoni mwa mtu. Skripti haina ruhusa hiyo: kamera huona, kinasa sauti husikia, basi. Muulizaji ameniandikia hivi: “Asha anamkumbuka baba yake na kujuta kwamba hakumuaga.” Mwigizaji afanye nini hapo? Ningeandika: “Asha anatoa shati la kiume sandukuni. Anafunga vifungo kimoja kimoja. Anafika cha juu, hakipo. Kidole chake kinabaki kwenye uzi mweusi uliokatika.” Ni wakati uliopo, sentensi ni fupi, na majuto hayakutajwa popote. Tena, msikimbilie kumtia Asha kinywani maneno “Laiti ningalimuaga baba!”, maana mazungumzo yanayorudia hisia ambayo tendo limekwisha kuionyesha huua onyesho zima, na kasoro hiyo naikuta katika skripti nyingi kuliko makosa yote ya pambizo.

Swali: Maelekezo ya mabano, kama “kwa hasira”, niyaweke kila mara?

Jibu: Yaweke pale tu ambapo bila hayo, maneno ya mhusika yangeeleweka kinyume.

Swali: Sauti ya nje ya picha na sauti ya msimulizi zinatofautianaje?

Jibu: Anayejibu akiwa nyuma ya mlango wa bafu yupo mahali pa tukio, ila kamera haimwoni, hiyo ni sauti ya nje ya picha. Msimulizi hayupo hapo, na anayesikika kwenye simu kutoka kwingine huhesabiwa pamoja naye. Alama ya kila sauti huwekwa kwenye mabano kando ya jina la mhusika. Mkizichanganya, mwigizaji anaweza kuitwa kwenye eneo la kupigia picha siku ambayo alihitajika studio ya kurekodia sauti tu.

Swali: Je, niandike nambari za maonyesho na pembe za kamera?

Jibu: Hapana. Nambari huingizwa skripti inapoandaliwa kwa ajili ya kupigwa picha, na pembe ni kazi ya mwongozaji. Ukitaka tukitazame kitu kwa karibu, kipe mstari wake peke yake, kama ule uzi mweusi wa shati, na macho ya msomaji yatasogea yenyewe.