Petroli inadondoka chini ya kabureta usiku kucha: ninunue kabureta mpya?

SWALI: Nafanya bodaboda hapa Busia, upande wa Uganda, kwa Boxer 100 ya zamani. Usiku naiingiza ndani. Asubuhi nakuta petroli sakafuni, imedondoka kutoka kwenye mrija mwembamba ulio chini ya kabureta, na nyumba nzima inanuka. Koki naifunga kila jioni. Pikipiki yenyewe inasumbua kuwaka, na plagi nikiifungua naikuta imelowa. Fundi mmoja anasema ninunue kabureta mpya, mwingine anasema nikaze skrubu na kupaka silikoni. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza kabisa pikipiki hiyo isilale ndani tena mpaka ipone. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Busia. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki dirishani. Hutambaa sakafuni hadi ukutane na sigiri au kibatari, na hapo watoto wamelala. Ifunge nje kwa mnyororo.

Kabureta usinunue bado, na silikoni usipake. Silikoni ya kawaida ya gasketi huvimba na kulainika ikiguswa na petroli, kisha vipande vyake huenda kuziba jeti, yaani kitundu chembamba kinachopitisha mafuta. Kukaza skrubu pia hakutasaidia, maana skrubu za bakuli (kile kikombe cha chini cha kabureta kinachokaa mafuta) huzuia mafuta kupenya kwenye mshono, na yako yanatoka kwenye mrija. Mrija huo umewekwa makusudi: mafuta yakizidi kimo ndani ya bakuli, yamwagike chini badala ya kuingia kwenye injini.

Koki ikifungwa sawasawa, kabureta hubaki na mafuta kidogo tu bakulini, na hayo hayawezi kudondoka usiku kucha. Kwa hiyo koki yako inapitisha hata ikiwa imefungwa, na ndani ya kabureta kuna kitu cha pili kilichoshindwa kuzuia. Ukibadilisha kabureta peke yake, matone yatakoma, lakini koki mbovu itabaki. Siku chembe ya uchafu itakapokwama kwenye sindano mpya, ile inayofunga njia ya mafuta kuingia bakulini, utarudi pale pale.

Thibitisha koki kwanza, nje, mbali na moto na wavuta sigara. Ifunge, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, tumbukiza ncha yake kwenye chupa safi ya kioo, usubiri dakika 15. Yale machache yaliyokuwa ndani ya mpira yakishatoka, tone lolote linalofuata ni la koki. Nyingi za aina hii zina skrubu mbili ndogo usoni, na nyuma yake kuna kiraba chenye matundu. Kiraba hicho ndicho huchakaa au kukauka. Mwaga tangi kwenye jerikani, ifungue koki, badilisha kiraba pamoja na oringi (pete ya mpira) ya shingoni inapokutana na tangi, na uoshe chujio lake. Boliti zinazoishika zina washa zake laini; ukiweka washa za chuma, petroli hupita kwenye nyuzi za boliti. Kaza kwa nguvu ya kiganja tu. Koki iliyofungwa kwa ribiti haifunguki, hiyo badilisha nzima.

Sasa kabureta, ambako mafundi wengi hukosea. Kuna makosa matatu yanayotoa mafuta kupitia mrija ule ule mmoja.

Rahisi ni skrubu ya kumwagia, ile iliyo chini ya bakuli. Ikilegea au ncha yake ikiliwa, mafuta hupita polepole hadi mrijani. Ifungue, ipanguse, tazama kama ncha ina mikwaruzo. Mafuta yatakayomwagika yakinge kwenye chupa uyaache yatulie: maji yatakaa chini kama shanga, kutu itaonekana nyekundu. Anayenunua petroli ya chupa kandokando ya barabara asishangae kukuta vyote viwili.

La pili ni sindano na floti, boya dogo linaloelea bakulini na kuinua sindano mafuta yakifika kimo. Toa bakuli kwa bisibisi ya nyota inayoingia sawasawa, maana skrubu hizo huliwa vichwa upesi. Pini ya floti isukume taratibu, usiigonge; nguzo zinazoishika ni laini, na ikivunjika moja kabureta imekwisha kweli. Angalia ncha ya sindano. Ikiwa na alama ya pete iliyochimbika, badilisha. Tundu inapokalia safisha kwa pamba na petroli, kamwe usitumie waya wala msasa. Floti itikise sikioni: ukisikia mafuta yakicheza ndani, imetoboka na inazama, kwa hiyo haiwezi kuinua sindano. Ukiwa na shaka, ikaushe kisha itumbukize kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa. Vipovu vitakuonyesha tundu. Ukimaliza kuunga, geuza kabureta juu chini na upulize kwenye mdomo wa mafuta. Hewa isipite. Ukiirudisha wima, ipite.

La tatu hupuuzwa, na ndilo huwafanya watu wanunue kabureta wakati sindano ni nzima. Katikati ya bakuli husimama kibomba cha shaba, na juu yake ndiko mafuta yaliyozidi huingilia. Kibomba hicho huweza kupasuka kwa urefu au kulegea shinani. Hapo mafuta hutoka hata kimo kikiwa sahihi. Lishike bakuli mkononi, ulijaze petroli hadi karibu na mdomo wa kibomba bila kuufikia, skrubu ya kumwagia ikiwa imekazwa. Likidondosha chini, kasoro ni kibomba. Badilisha bakuli ukilipata, la sivyo hapo kabureta nzima ni halali. Kabureta nzima ni halali pia kama tundu la sindano limeliwa, kwa kuwa kwenye nyingi za pikipiki ndogo halibadilishiki.

Mpira wa mafuta ukiwa mgumu au una nyufa, upasue kwa kisu badala ya kuuvuta, usije ukavunja mdomo wa kabureta. Nunua mpira wa petroli hasa. Ule wa maji hukakamaa upesi. Rudisha klipu pande zote mbili, na ukiweka chujio la katikati, mshale uelekee kabureta.

Kabla ya kuwasha, pima oili, tafadhali usiliruke hili. Plagi iliyolowa inaonyesha kwamba petroli imekuwa ikifika ndani ya silinda, na kutoka hapo hupenya kwenye ringi za pistoni hadi chini. Oili ikiwa imepanda kupita alama, imekuwa nyepesi, au inanuka petroli, imwage yote uweke mpya. Petroli huosha ule utando wa oili, na injini ikizunguka hivyo hata kwa safari fupi, beringi na silinda zinakula chuma kwa chuma.

Chunguza na tangi pia kwa chini, kwenye mshono, maana maji yanayokaa humo hutoboa kwa kutu. Sabuni ya mche inaweza kuziba kitundu hadi ufike nyumbani, si zaidi. Kuchomelea usikubali hata ukiambiwa tangi ni tupu: tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio hulipuka.

Mwisho wa kazi, simamisha pikipiki nje kwa stendi ya kati, maana ya pembeni huilaza na kuinamisha bakuli. Tandika gazeti kavu, fungua koki, usubiri nusu saa. Likibaki kavu, funga koki uiache hapo nje usiku mzima juu ya gazeti jingine. Gazeti la pili likilowa wakati la kwanza lilikuwa kavu, koki bado inapitisha, na sindano inakaa vibaya nyakati nyingine. Osha tena tangi na chujio, kwa kuwa uchafu bado unashuka.